Hongo ya Pori

Neno bandari lilitufikia kutoka kwa Waajemi, na kwetu sisi watu wa visiwani halihitaji sherehe wala tafsiri. Ni pale maji yanapokutana na nchi kavu, na kile kilichobebwa na jahazi kikabebwa na bega la mtu. Ndiyo maana mtu wa Unguja anapousikia mji wa Tunduma ukiitwa bandari kavu, kitu cha kwanza kinachomjia ni kicheko. Bandari isiyo na maji ni kama msikiti usio na kibla. Walakini kazi ya mfasiri ni kukaa na neno hata litoe siri yake, na hili nimekaa nalo tangu nilipokwenda kuutazama mji wenyewe. Naamini waliolibuni hawakukosea. Tunduma ni bandari kweli. Na ijapokuwa iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, ni kiunga cha bandari zetu, kama vile Bububu ilivyo kiunga cha mji wa Unguja. Swali ninalolileta hapa limetokana na hilo: bandari inadaiwa nini na pori lililo katika kiunga chake?

Kwanza tuutambue mji. Tunduma palikuwa mahali padogo pa mpakani hadi mwezi wa Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyokuwa ikisafirisha shaba yake kwa njia ya kusini, ikajikuta imefungiwa mlango. Shaba ikageuza uso kuelekea mashariki. Malori yakaanza kupita katika barabara ya vumbi na matope iliyowamaliza madereva wengi. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likaanza kazi. Na mwaka 1976 ikakabidhiwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa Uchina. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019, na mpaka ukawa wa kukaguliwa mahali pamoja badala ya pawili, lakini msururu wa malori niliuona kwa macho yangu na haukuwa mfupi. Yanayoteremka hubeba shaba ya Zambia na Kongo. Yanayopanda hubeba mafuta, ngano, mbolea, na kila kitu kingine ambacho nchi isiyo na bahari hukihitaji kutoka baharini. Madereva husema "ng'ambo" wakikusudia Nakonde, upande wa Zambia, kwa sauti ileile ambayo wazee wetu walisema Ng'ambo wakikusudia nyumba zilizokuwa upande wa pili wa hori la Darajani, kabla halijafukiwa. Na kata mojawapo ya mji huo inaitwa Mpemba. Kijana wa bodaboda aliyenipakia hakuelewa kwa nini niliangua kicheko nilipokisoma kibao, wala mimi sikuweza kumweleza akacheka.

Lakini upo undugu mwingine usio wa majina tu. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba ambao sisi tunaukumbuka kwa jambo moja, kwamba Unguja na Pemba ziliwekwa chini ya himaya ya Waingereza, nao Wajerumani wakapata kisiwa cha Heligoland. Ni wachache wanaokumbuka kwamba karatasi hiyohiyo ndiyo iliyouchora mpaka baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Ilisema mstari upande Mto Songwe, kisha ufuate ukingo wa bonde la Kongo, mpaka Mto Kilambo. Wanyamwanga hawakuulizwa, wakaamka siku moja wakiwa watu wa nchi mbili. Sisi pia hatukuulizwa. Kalamu iliyotia wino kwetu ndiyo iliyotia wino kwao.

Na kwa kuwa waliochora walifuata ukingo wa bonde, imetokea ajabu ya maji ambayo inastahili kutafakariwa na kila mpenda bahari. Mvua ikinyesha juu ya nyanda hizi, tone lililoangukia upande wa kusini litafuata Mto Chambeshi, litapita Bangweulu na Luapula, litaingia Mto Kongo na kumwagika katika Bahari ya Atlantiki. La pili, likidondoka upande wa Ileje, litashika Mto Songwe hadi Ziwa Nyasa, kisha Shire, kisha Zambezi, na mwisho litafika katika bahari yetu. La tatu litateremka na Mto Momba mpaka Ziwa Rukwa, na Rukwa halina mlango wa kutokea: maji yaliyoingia humo huishia humo, yakapaa juani na kuacha magadi. Kumbe mji unaochekwa kwa kukosa maji umekaa penye mgawanyo wa maji ya nusu ya Afrika!

Nilifika mwezi wa Oktoba, mvua hazijaanza. Nje ya mji, ukiacha makelele ya malori na harufu ya dizeli, bado yapo mapande ya pori la miombo, lile pori linaloanzia kwetu Tanzania na kwenda hadi Angola. Mtu aliyezoea minazi na mikarafuu, miti isiyovua nguo mwaka mzima, hushangaa kuona jinsi miyombo inavyotoa majani mapya kabla tone moja halijaanguka. Hayatoki ya kijani. Hutoka mekundu, ya rangi ya shaba hasa, na kilima kizima huonekana kana kwamba kina kutu mpya. Kijani huja baadaye. Namna gani mti unajua kwamba mvua iko njiani? Una mizizi mirefu na akiba ya maji chini, ndivyo wataalamu wasemavyo, na jibu hilo latosha, ingawa halipunguzi ajabu.

Niliona tumbili wawili wakivuka njia ya reli kwa adabu kuliko watu. Niliona kinyonga. Niliona pia kunguru mwenye kifua cheupe, akitembea juu ya paa la mabati kama karani anayekagua mali, na huyo alinishughulisha kuliko wote. Kunguru tuliyemzoea mjini kwetu si wa Afrika. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale taka, akala taka, kisha akala vifaranga, mayai na makinda ya ndege wengine, akamfukuza ndugu yake mwenyeji. Bandari hufanya hivyo: huingiza na kutoa, na inachokiingiza aghalabu huja kukaa. Ilinibidi nisafiri hadi mpaka wa Zambia ili nimwone kunguru aliyekuwa mwenyeji wa kwetu.

Sitaki kumpa msomaji picha ya bustani. Pori la kiungani limechakaa. Pana visiki vingi kuliko miti, na matanuri ya mkaa yaliyozimwa yameacha madoa meusi ardhini kama makaburi yasiyo na majina. Lakini mti wa miombo una ukarimu ambao mnazi hauna: ukikatwa, kisiki chake huchipua, na mizizi iliyobaki hutoa machipukizi mapya, alimradi mtu asilime pale na moto usipite kila mwaka. Kwa hiyo nusu ya nilichokiona hakikuwa msitu wala hakikuwa uwanja, bali vichaka vya kimo cha mtoto, vikisubiri kuona kama wataachiwa.

Hapa ndipo lilipo swali. Yupo atakayesema: pori la Tunduma ni la watu wa Tunduma. Wakilikata, hasara yao. Wakilihifadhi, faida yao. Mtu wa Unguja ana nini nalo zaidi ya kulitazama na kuliandikia makala? Jibu hili ni la haraka, na lina starehe yake. Bandari zote duniani hulipenda, kwa sababu bandari hupenda kujiona kuwa ni mlango tu, na mlango hauulizwi habari za vilivyopita.

Walakini historia yetu haituruhusu kusema hivyo. Tumerithi msemo kwamba zumari likipigwa Unguja, watu wa Maziwani hucheza. Tumeusema kwa fahari, nami niliufurahia tangu utotoni. Msemo hautaji ndovu. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kuu la pembe katika Afrika ya Mashariki, na hakuna ndovu hata mmoja aliyezaliwa Unguja. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye sote twamjua kwa jina la Tippu Tip, na ambaye nyumba yake iko Shangani, alizisafiri nchi hizi za kati ya Nyasa na Tanganyika katika miaka ya 1860. Alipomshinda Nsama wa Itabwa mwaka 1867 alikuta kwake shehena kubwa ya pembe, na shaba pia. Angalia: pembe zimekwisha, shaba ingali ikiteremka. Hayo aliyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, katika maisha yake aliyoyaandika mwishoni mwa umri wake, naye hakuona haya, kwani wakati ule haya haikuwa mahali pale. Pembe zile zilipanda meli hadi Bombay, London na Marekani. Kipo kijiji katika jimbo la Connecticut kiitwacho Ivoryton, yaani mji wa pembe, ambako zilikatwa kuwa vibao vya piano. Mabinti wa Boston wakajifunza muziki juu ya meno ya ndovu wa nchi ambayo hawakupata kuisikia.

Na pembe haikutembea peke yake. Njia iliyobeba pembe ilibeba watu waliofungwa, na mara nyingi mtu ndiye aliyeibeba pembe. Jambo hilo lina uzito wake na lina kurasa zake, wala sitaki kulifanya kuwa mfano wa jambo lingine. Nalitaja kwa kuwa kulinyamazia ni kusema uongo.

Anayedhani hayo yalikwisha na karne yake na akumbuke tarehe mbili za karibu. Mwezi wa Agosti 2011, katika bandari yetu, zilikamatwa pembe 1,041 zilizofichwa ndani ya dagaa, zikielekea Malaysia. Mwezi wa Novemba 2013 zikakamatwa nyingine, uzito wake zaidi ya tani mbili, safari hii zimefunikwa kwa makombe ya baharini. Dagaa na makombe! Vitu vya kwetu kabisa, mali ya pwani, vikatumiwa kama shuka la kumfunikia maiti wa bara. Katika miaka hiyo ndovu wa Tanzania walipungua kutoka 109,000 hivi mwaka 2009 hadi 43,000 na ushei mwaka 2014. Tena upo mti unaoitwa mukula ng'ambo ya Nakonde, na upande wetu mkurungu, ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu mfano wa damu. Samani za kifahari za Uchina ziliufanya utafutwe kwa pupa hata mwaka 2019 ukaingizwa katika orodha ya CITES ya viumbe ambavyo biashara yake ni ya masharti. Mti huo humea katika nchi zisizo na bahari pia, na hauna miguu. Ukiukuta Shanghai, ujue kuna bandari iliyoupitisha.

Basi nililitafuta neno la Kiswahili litakalolitaja deni hili, nikaliona lipo, ila limeharibika. Neno lenyewe ni hongo.

Leo hongo ni rushwa tu. Askari akipokea hongo, hakimu akihongwa, sote twajua kinachosemwa, na twakichukia kwa haki. Lakini katika karne ya 19, msafara ulipofika katika nchi ya mtawala fulani ulisimama, ukapeleka salamu, ukalipa hongo: nguo, shanga, nyaya. Burton, Speke na Stanley wamejaza vitabu vyao kwa manung'uniko juu ya malipo hayo. Waliyaona kuwa ni unyang'anyi wa washenzi, nao watu wetu wa pwani waliokuwa wakisafiri nao hawakutofautiana nao sana. Hata hivyo, tukiweka kando hasira ya msafiri aliyechoka, hongo ilikuwa inasema jambo moja la maana. Ilisema: nchi hii ina wenyewe. Maji utakayokunywa, kuni utakazowasha, nyama utakayowinda, na hata vumbi utakalolitimua, si vitu vilivyookotwa. Mpitaji ana deni kwa sababu tu amepita.

Kisha watawala wale wakaondolewa na Wajerumani na Waingereza, pakawekwa forodha, na ushuru ukawa wa serikali peke yake. Aliyebaki akidai kitu njiani akawa mhalifu. Ndivyo ninavyoisoma safari ya neno hili, na siwezi kusema kwamba hatukupata faida: afadhali afisa mmoja mwenye stakabadhi kuliko wababe kumi wenye mishale. Lakini pamoja na ubabe tukaitupa ile fikra. Lori linalotoka Lubumbashi kwenda Dar es Salaam hulipa ushuru, ada ya barabara na ada ya mizani, na hakuna hata moja kati ya hizo inayokwenda kwa kile kilichopitwa.

Najua pingamizi, na ni kubwa. Hongo haikulipwa kwa miti. Ililipwa kwa mtawala, na watawala wengi walioipokea ndio haohao waliouza pembe, na wengine waliuza watu. Isitoshe, malipo yana hatari yake: aliyelipa hujiona yu huru. Mtu akishatoa shanga zake, hawezi tena kuulizwa alichokifanya mbele ya safari. Kama deni la bandari kwa pori ni bei tu, basi na tuipange bei, tulipe, na tuendelee kukata kwa dhamiri safi. Hilo silo nilitakalo, na kwa muda niliamini kuwa neno langu limenishinda.

Aliyenisaidia alikuwa mzee mmoja mfuga nyuki, Mnyamwanga, ambaye nilipelekwa kwake na yule kijana wa bodaboda. Mizinga yake ya magogo ilikuwa imetundikwa katika miti michache iliyobaki nyuma ya shamba lake la mahindi. Nilimwamkia, akaitika, akanipa kigoda. Tulizungumza habari za nyuki wa porini na za ndege mwonyesha asali, yule ndege mdogo wa rangi ya kijivu anayekuja mbele ya mtu, akalia na kurukaruka mti kwa mti mpaka amfikishe penye nyuki. Mtu avunje mzinga, achukue asali, na ndege ale nta na majana.

"Lazima umwachie nta," alisema. "Ukila zote ukamnyima, siku ya pili atakupeleka kwa nyoka."

Nikamwuliza, "Mzee wangu, wewe umewahi kupelekwa kwa nyoka?"

Akanitazama kama ninavyotazamwa na wajukuu wangu ninapowauliza matumizi ya simu. "Nitapelekwaje, mwanangu? Mimi sijawahi kumnyima."

Imani hii ya nyoka, au simba, au chui, imeenea katika sehemu nyingi za Afrika. Na ndege mwenyewe aliandikwa kwanza katika bandari. Padri wa Kireno, João dos Santos, aliyekaa Sofala mwishoni mwa karne ya 16, Sofala ile iliyokuwa ya Waswahili kabla ya Wareno, alisimulia juu ya ndege waliokuwa wakiingia kanisani kudonoa nta ya mishumaa, na ambao porini huwaongoza watu kwenye asali. Wengi wa Ulaya walidhani ni hadithi. Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi na Wayao wa Niassa, kaskazini ya Msumbiji, walionyesha kwamba wawindaji asali wana mlio maalumu wa kumwita ndege, urithi kutoka kwa baba zao, na kwamba mlio huo huongeza uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Ndege huyu hakufugwa na mtu. Hana kamba wala tundu. Amekubali, na sisi tumekubali.

Nta ile ni hongo, lakini si bei. Haimalizi deni, inaliweka hai. Mzee wangu hakuwa akinunua asali kwa ndege; alikuwa akiacha sehemu ili kesho ndege awepo, na uhusiano uwepo. Tofauti ya bei na sehemu ni kwamba bei hutolewa ili tuachane, na sehemu hutolewa ili tuendelee kuwa pamoja. Kama neno hongo laweza kurudishiwa maana hiyo, basi halikufa.

Lakini msomaji makini hatakubali nisimamie hapo, maana wapo Wahadza. Hao ni wawindaji wanaoishi pembezoni mwa Ziwa Eyasi, kaskazini ya nchi yetu, mabingwa wa asali kuliko wengi, nao imeshuhudiwa kwamba aghalabu hawamwachii ndege kitu. Huikusanya nta iliyobaki wakaifukia au wakaichoma. Sababu yao ni ya akili: ndege akishiba hatawaongoza tena siku hiyo. Mwongozaji mwenye njaa ndiye mwongozaji mwema.

Nilipolisoma hilo nilikaa kimya kitambo, kwani nililitambua. Simlaumu Mhadza, humweka ndege mmoja na njaa kwa siku moja, ndani ya pori ambalo wazee wake wamelikaa bila ya kulimaliza. Niliyemtambua ni mimi, na soko langu. Mchoma mkaa wa bara hulipwa kiasi cha kumrudisha porini kesho, wala si zaidi. Mkataji wa mkurungu alipewa fedha ambayo haifanani kabisa na ile iliyobadilishwa mikono mbele ya meli. Mwindaji wa ndovu hupata sehemu ndogo, na kifungo chote. Wote hao wanatuongoza kwenye asali, nasi tunaifukia nta, tena tunaifukia makusudi, ijapokuwa hapana mtu mmoja aliyekaa kitako akakata shauri. Bei hukata shauri kwa niaba yetu.

Kwa hiyo siwezi kuungana na wale wanaotoka pwani kwenda bara kuwahubiria watu wasikate miti. Nilisikia hotuba ya namna hiyo, iliyotolewa na mgeni mwenye viatu safi mbele ya kina mama waliokuwa wamekaa na magunia yao ya mkaa kando ya barabara, na niliona uso wa mama mmoja ulivyofungwa. Alikuwa na haki ya kuufunga. Deni haliwezi kudaiwa kwa aliyeko mwisho wa mnyororo na aliyeko mwanzo wake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji aonywe. Anayenunua ndiye wa kwanza kudaiwa, na sisi tunanunua. Visiwa vyetu hupokea mkaa na mbao kutoka bara, na tunazilinda Jozani na Masingini kwa sheria, kwa mwenge wa hotuba, na kwa mkaa uliokatwa kwingine. Masingini, kiungani mwetu, tunauhifadhi kwa sababu ndio unaotupatia maji ya mjini. Ni sababu njema. Lakini mtu anayehifadhi chemchemi yake kwa kuwashia moto miti ya jirani hajawa mhifadhi bado.

Kimoja tu katika mkoa huo nilikikuta kimesalimika na bandari pasipo kusaidiwa na mtu, nacho si mti wala mnyama. Ni kimondo cha Mbozi, pande la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, urefu wake mita 3 hivi, uzito wake unakisiwa kuwa tani 16. Wenyeji walikuwa wakilijua tangu zamani, na hawakulitangaza. Mwaka 1930 mpima ardhi mmoja wa kigeni akaliona, kikakatwa kipande kwenda kuchunguzwa, na alama ya msumeno ingalipo. Lililobaki lilikuwa zito mno. Nililigusa, lilikuwa na joto la jua, na watoto wa skuli walikuwa wakipanda juu yake kupigwa picha. Nikafikiri kwamba laiti miyombo ingekuwa na uzito kama huo.

Niliporudi Unguja nilikwenda Malindi kununua gunia la mkaa, kwani gesi ya nyumbani ilikuwa imekwisha na mke wangu ana pilau ambayo haikubali jiko lingine. Nilimwuliza muuzaji mkaa huu umetoka wapi. Akajibu, "Bara." Nikamwuliza bara gani, maana bara ni kubwa. Akamgeukia mchukuzi, mchukuzi akasema huyo wa kuulizwa ni nahodha, yuko pale gatini. Nikamfuata nahodha. Alikuwa mtu mzima, mpole, akaniondolea kofia. Alisema yeye hupakia Bagamoyo, sheikh wangu, magunia huyakuta yamekwisha kushonwa, na ya nyuma ya Bagamoyo atayajuaje?